Nilimkuta amelala

Mwezi wa saba Kalenga huwa na upepo unaopenya mpaka kwenye mifupa. Siku hiyo nilikuwa nimejibanza nyuma ya wageni tisa, koti hadi kidevuni, najifanya mgeni wa kumi. Aliyesimama mbele yetu ni mwanafunzi wangu wa darasa la jioni, kijana wa hapa hapa Iringa anayejifunza kuongoza watalii, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusimulia habari za Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwa Kiingereza bila karatasi mkononi.

Alikuwa anakwenda vizuri. Akaeleza Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jinsi Wahehe walivyouvizia msafara wa Wajerumani na kumuua kamanda wao, Zelewski. Akaeleza ngome ya Kalenga ilivyopigwa mizinga na kutekwa Oktoba 1894, na Mkwawa alivyoponyoka akaendelea kuwasumbua akiwa porini kwa karibu miaka minne. Akazitaja rupia 5,000 zilizoahidiwa kwa atakayeleta kichwa chake. Wageni wakanyamaza, ule unyamazaji mzuri ambao mwongozaji yeyote anaupenda. Kisha akafika tarehe 19 Julai 1898, akavuta pumzi, akasema:

"When the Germans came, Mkwawa shot himself."

Mama mmoja wa makamo, naye Mjerumani, akainua mkono polepole. "In front of them? They saw it?"

Kijana akasema "No". Halafu akasema "Yes". Halafu akaanza kunitafuta kwa macho. Mimi nikaangalia viatu vyangu, maana wiki tatu kabla ya hapo ni mimi niliyeliambia darasa zima: hii pasti pafekti isiwaumize kichwa, semeni pasti simpo tu, mtaeleweka.

Kwa wale mlioagana na Kiingereza siku ya mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, tatizo lilikuwa hili. Kwa namna alivyolisema, mgeni alisikia hivi: Wajerumani walikuja, Mkwawa alipowaona akajipiga risasi. Alichokusudia ni "had shot himself", yaani walipokuja alikuwa ameshajipiga. Herufi tatu tu, h, a na d. Lakini uliza Mhehe yeyote kama ni mamoja.

Maana mambo yalikwenda hivi. Sajini Merkl na askari wake walikuwa wanamfuatilia kule Mlambalasi, upande wa njia ya kwenda Ruaha. Walisikia mlio wa bunduki. Wakanyemelea, wakaona watu wawili wamelala karibu na moto. Wakadhani ni usingizi. Wakalenga, wakafyatua, na hakuna aliyeshtuka. Walipokaribia wakakuta wote wawili ni maiti. Mkwawa alikuwa ameshamaliza mambo yake mwenyewe, na risasi ya Mjerumani iliingia kwenye mwili ambao haukuwa na habari nayo. Kichwa kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani, kikatajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na fuvu likarudi Kalenga 1954. Liko pale, ndani ya kabati la kioo, hatua chache kutoka mahali kijana wangu alipokuwa anababaika kati ya "No" na "Yes".

Kijana huyu hadithi aliijua tangu utotoni. Kwa Kiswahili asingekosea hata kama ungemwamsha usiku wa manane. Hilo ndilo lililonikera njia nzima nikirudi mjini: siyo kwamba hajui, ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa anajua.

Darasa letu liko Miyomboni, kwenye chumba kimoja chenye ubao mzuri na dirisha lisilofunga. Wanafunzi ni watu wazima: wawili wanaongoza watalii, dada mmoja wa mapokezi hotelini, fundi wa pampu za umwagiliaji, kaka wa Tukuyu anayefanya kazi ya stoo, na wengine wanaokuja na kupotea kulingana na mvua. Wote walipita sekondari. Wote, ukiwauliza pasti pafekti ni nini, wanajibu kama kwaya: ni wakati uliopita kabla ya wakati uliopita. Na wote wanakumbuka ile sehemu ya mtihani ya kuandika upya sentensi, anza na "No sooner". No sooner had the teacher entered than the students kept quiet. Nadhani nchi nzima tuna huyo mwalimu mmoja anayeingia darasani kila mwaka na wanafunzi wale wale wananyamaza. Sijawahi kumsikia mtu akiitumia sokoni wala ofisini wala msibani, ila tukiamshwa usingizini tunaitapika yote bila kukosa koma.

Ule ufafanuzi wa kwaya si uongo. Ubaya wake ni kwamba unamfanya mtu aanze kupanga foleni ya matukio: lipi lilitangulia? Basi lililotangulia nilipe "had". Lakini matukio ya zamani siku zote yana foleni. Aliamka, akanawa, akanywa chai, akatoka. Kunawa kulitangulia chai, chai ikatangulia kutoka, na bado hakuna anayesema "alikuwa amenawa". Ile "ka" yetu inabeba foleni yote mgongoni bila kulalamika. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo: "He woke up, washed, drank his tea and left." Ukisimulia kwa mpangilio yalivyotokea, pasti simpo inatosha kuanzia asubuhi hadi jioni.

Wiki ile baada ya Kalenga nilifuta ubao wote, nikaachana na ule mstari wa muda ambao walimu tunaupenda, wenye vialama vya X kama mpango wa vita. Nikawauliza kuhusu stendi ya Igumbilo.

"Umefika Igumbilo asubuhi. Nipe sentensi mbili. Ya kwanza: basi umeliona likiondoka. Ya pili: hukuliona kabisa."

Dada wa mapokezi hakusubiri. "Nilipofika basi liliondoka. Nilipofika basi lilikuwa limeshaondoka."

"Tofauti ni nini?"

"Ya kwanza naweza kulikimbilia." Darasa likacheka. "Ya pili nanunua tiketi ya kesho."

Nikaandika chini yake: "When I arrived, the bus left." "When I arrived, the bus had left." Nikakaa kimya. Fundi wa pampu akapiga meza kwa kiganja. "Kumbe 'had' ni ile 'lilikuwa lime'!"

Ndiyo, kaka. Karibu kabisa ni hiyo. Hata ile "sha" ya "limeshaondoka" ina mwenzake, "already". Na ukikanusha ndiyo inaonekana zaidi: "nilipofika hakufika" inamshangaza kila mtu, lakini "nilipofika alikuwa hajafika" tunaisema kila siku, "he had not arrived yet". Swali la kujiuliza ni umesimama wapi unaposimulia. Miguu yako iko stendi, saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia hapo unageuza shingo kuangalia nyuma. Kile unachokiona nyuma ya mgongo wako ndicho kinachodai "had". Kinachotokea mbele ya macho yako, hata kama leo ni zamani za kale, ni simpo.

Na hapo ndipo nikaona ushauri wangu ulipokuwa umeoza. Mahali pengi ni kweli mtu ataeleweka bila "had". Ukisema "After Mkwawa died, the Germans took his head", hilo neno "after" limeshafanya kazi yote, "had died" ni ruhusa yako kuiweka au kuiacha. "Before" hali kadhalika. Vitabu vingi vya mazoezi vinajaza kurasa kwa sentensi za "after" na "before", pale pale ambapo kosa haliumizi mtu. Mwenye meno ni "when". "When" haisemi lipi lilitangulia. Inakutazama wewe na kitenzi chako. Mpe simpo, mambo mawili yanafuatana au yanagongana. Mpe pafekti, moja lilikuwa limekwisha. Kama ningekuwa na dakika kumi tu za kumfundisha mtu jambo hili, zote kumi ningezimaliza kwenye "when", na kama zingebaki sekunde ningeongeza "by the time", ambayo karibu kila mara huja imeshikana mkono na "had": "By the time Mkwawa died, the Germans had held Kalenga for almost four years."

Laiti mambo yangeishia hapo.

Nilipokuwa bado msichana, kabla sijaanza kufundisha, nilifanya kazi ya ukarani kwenye kampuni moja ya mbao upande wa Mafinga. Meneja alikuwa mgeni, Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na bei. Usiku mmoja iliibwa dizeli. Asubuhi yakaandikwa maelezo mawili kwa Kiswahili, ya msimamizi na ya mlinzi, nami nikapewa kuyatafsiri kabla ya saa nne.

Msimamizi aliandika: "Nilipofika getini saa nane usiku, mlinzi alikuwa amelala." Mlinzi, mzee mmoja mpole, aliandika kujitetea: "Mimi nilikuwa nimelala mchana wote, kwa hiyo usiku sikuwa na usingizi."

Tazama hayo maneno. Alikuwa amelala. Nilikuwa nimelala. Kwa macho ni ndugu wa tumbo moja. Nami, mwanafunzi hodari niliyejua kwamba "alikuwa ame" ni "had", nikapiga taipu: "When I reached the gate at 2 a.m., the guard had slept." Na chini: "I had slept the whole day." Nikazipeleka kwa meneja nikiwa nimenyoosha mgongo.

Akanisikiliza nikisoma, akazirudia mwenyewe mara mbili, akaniita. Kwa nini, akauliza, watu hawa wananiletea ugomvi wakati wanasema jambo moja? Msimamizi anasema mlinzi alishalala, mlinzi naye anasema alishalala. Basi mlinzi alikuwa na nguvu zake, yuko macho. Tatizo liko wapi?

Tatizo lilikuwa kwenye meza yangu. Msimamizi alimaanisha "was asleep": alimkuta kwenye usingizi wenyewe, mdomo wazi. Mlinzi alimaanisha "had slept": usingizi wake aliumaliza mchana. Kiswahili kinaziweka hali hizi mbili ndani ya nguo moja na kutuachia wasikilizaji tuamue kwa mazingira, nasi tunaamua bila hata kujua kwamba tumeamua. Niliandika upya. Kesi ikawa kesi. Mzee yule alipewa barua ya onyo, na sina hakika kama alistahili, kwa sababu msimamizi naye hakuwa malaika, lakini hilo ni la siku nyingine.

Tangu siku hiyo nina orodha kichwani ya vitenzi ninavyoviita vya kusimama. Amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, amekasirika, ameinama, amejificha. "Me" ya hivi haisemi sana kwamba jambo limeisha. Inasema jambo liliingia na bado limo. Amevaa koti: kulivaa kumekwisha, lakini koti liko mwilini. Kwa hiyo "alikuwa amevaa koti" ni "she was wearing a coat". Ukisema "she had worn a coat", msikilizaji anaanza kutafuta koti limekwenda wapi. "Alikuwa amechoka" ni "was tired". "Alikuwa amekaa" ni "was sitting", na ukitaka kusema alikaa akainuka, hata Kiswahili chenyewe kitakuomba uongeze kitu. Lakini ondoka, fika, vunja, iba, maliza, hivyo haviachi mtu amesimama katikati. Lilikuwa limeondoka ni "had left", bila mjadala.

Nilipoyaeleza haya darasani, kaka wa Tukuyu alianza kutabasamu peke yake. Nikamuuliza kulikoni. "Madam, sisi kwetu asubuhi tunasalimiana hivyo. Mwagonile. Ni kama kusema mmelala. Sasa mtu yuko macho, ana jembe begani, unamwambia mmelala!" Fundi wa pampu, ambaye ni Mhehe, akadakia kwamba ndiyo maana wao wanasema "kamwene" tu, kuepuka kesi. Kelele zikawa nyingi, nikaacha ziendelee, maana ndani ya mzaha ule somo lilikuwa limeingia: kulala kwa salamu ile kumekwisha, kulala kwa mlinzi kulikuwa kunaendelea, na Mwingereza anakulazimisha uchague.

Rudi Mlambalasi kidogo. Merkl alidhani watu wale wamelala. "He thought they were asleep." Mtu akitafsiri "he thought they had slept", Merkl anageuka mtu wa ajabu anayejali kama adui zake walipata usingizi wa kutosha.

Kuna la tatu nililipitia haraka darasani, nami nitalipitia haraka hapa, ingawa ukitafsiri maelezo ya polisi au ya bima utakutana nalo kila siku. Ni maneno ya mtu mwingine. Dereva wa lori amepata ajali Kitonga. Tunasema: dereva alisema breki zimekataa. "Zimekataa" ni ile ile aliyoitamka yeye pale kwenye kona. Kiswahili kinambakishia dereva wakati wake. Kiingereza kikianza na "said", kinavuta kila kitu hatua moja nyuma: "The driver said the brakes had failed." Alisema amechoka, "he said he was tired". Alisema atakuja, "he said he would come". Hakuna siri zaidi ya hapo, ni desturi yao, kama sisi tunavyovua viatu mlangoni. Usipovua utaingia, ila wenyeji watakutazama miguu.

Ugonjwa wa pili huja baada ya dawa. Mtu akishaelewa "had", anaimwaga kila mahali kama chumvi ya mpishi mgeni. Dada wa mapokezi aliniandikia kisa cha mgeni aliyepoteza funguo: "The guest had come to reception. He had asked for the key. I had told him I had given it to him. He had been angry." Ukisoma kwa sauti unapata kwikwi. Nikamuuliza umesimama wapi? Akasema niko mapokezi, mgeni yuko mbele yangu. Basi yote anayofanya mbele yako ni simpo: "The guest came to reception and asked for the key. I told him I had given it to him already. He got angry." Moja tu imebaki, ile ya kukabidhi funguo, kwa sababu hiyo ndiyo iko nyuma ya mgongo wake.

Na hata unapogeuka nyuma kwa muda mrefu, "had" moja au mbili zinafungua mlango. Ukishaingia ndani unatembea kwa simpo. Mwongozaji aliyesimama Kalenga ya 1894, mizinga inalia, akitaka kuwarudisha wageni Lugalo, aseme: "Three years earlier Mkwawa had beaten the Germans at Lugalo. They lost their commander there." Hapa "lost" haihitaji ngazi nyingine, wasikilizaji wameshafika. Sipendi kanuni zisizo na pumzi, na hii ni mojawapo ya zile chache ninazoona zina pumzi.

Fundi wa pampu aliuliza kuhusu "had had". Nilijua itakuja. "I had had malaria twice before I moved to Iringa." Ya kwanza ni mtumishi, ya pili ndiyo yenye malaria. Akaguna, akaandika, akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kitu kimoja kwa bei ya viwili. Akauliza pia kwa nini "If I had known" ina "had" wakati hakuna cha zamani kilichotangulia zamani nyingine. Nikamwambia hiyo ni ningalijua. Wenzetu hawana "ngali" wala "nge", kwa hiyo wanaazima nguo ya wakati kuvalia majuto. Akaridhika. Mimi mwenyewe sijaridhika sana na jibu hilo, lakini saa mbili usiku Miyomboni, baridi inaingia kwa dirisha lisilofunga, jibu la kuridhisha nusu linatosha.

Mwezi wa nane nilirudi Kalenga. Safari hii nililipa kiingilio na kusema wazi kwamba nimekuja kumsikiliza. Wageni walikuwa sita, baba mmoja amembeba mtoto mgongoni. Upepo ule ule. Kijana wangu alisimulia Lugalo, akasimulia ngome, na alipofika 1898 nikaona vidole vyake vikigusana kimoja kimoja, mtu anayehesabu moyoni.

"Merkl and his soldiers heard a shot," akasema. "They came slowly. They saw two men near the fire. They thought the men were sleeping. They fired." Akanyamaza. Nilijua anatafuta mahali pa kuweka miguu. "But when they fired, Mkwawa had already shot himself."

Hakuna aliyeinua mkono. Baba mwenye mtoto akageuka kulitazama jengo lenye fuvu, akamshusha mtoto chini, akamshika mkono.

Niseme ukweli, lugha peke yake haikuleta hayo yote. Kijana alikuwa amejifunza pia kunyamaza, na hilo mimi sikumfundisha. Lakini ile "already" aliiweka mahali pake kama mtu anayeegesha pikipiki.

Tulirudi mjini pamoja kwa daladala, tumebanwa kiti cha nyuma na gunia la viazi vya mtu. Tulipokuwa tunakaribia mjini akaniuliza, kwa Kiswahili, bila kunitazama:

"Madam, bibi yangu alifariki 2014. Hiyo ni 'died' au 'had died'?"

"Unasimulia nini?"

"Harusi yangu."

"Ulioa lini?"

"2016."

"Na kwenye hiyo hadithi umesimama wapi?"

Akafikiri. Konda alikuwa anadai nauli mbele, mtu analalamika chenji. "Niko mlangoni pa ukumbi. Wageni wanaingia, nawapokea."

"Basi hapo alikuwa ameshafariki."

"She had died," akasema, akalirudia kwa midomo bila sauti. Gunia likatuegemea kwenye kona. Akalisukuma kwa goti. "Kiti chake tulikiacha wazi, mbele, karibu na mama. Hiyo ni simpo, au siyo?"

"Simpo," nikamwambia. Konda akagonga bodi, tukashuka.